Ugonjwa Uliomfukuza Shangazi Esnath

Damari Kikoti alianza kuruka sindano zake mwezi wa tatu, akiwa mwaka wa pili wa kozi ya umeme jijini Mbeya, na hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa miaka mitano alikuwa amejichoma mwenyewe, asubuhi kabla ya uji na jioni kabla ya ugali, leo tumboni, kesho pajani, na katika miaka hiyo yote hakukosa hata siku moja, si kwenye mitihani ya kidato cha nne, si kwenye misiba, si siku alizoamka na homa. Kwa hiyo hakuwa mzembe. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ngazi.

Siku ya ngazi hiyo alijichoma kama kawaida, akaenda kupanga foleni ya uji, uji ukaisha mbele yake. Akanywa chai kavu akijisemea kwamba atakula saa nne. Saa nne ikamkuta juu ya ngazi, kwenye darasa la vitendo, akifunga waya wa taa. Vidole vikaanza kutetemeka. Jasho likamtoka mgongoni ilhali Mbeya ilikuwa na baridi. Alitaka kumwita mwenzake Yudith aliyekuwa chini akishika ngazi, lakini jina likamponyoka kichwani, akabaki anamtazama kama mtu asiyemjua. Kisha akaanguka.

Hakuvunjika. Aliweza kuingiza mkono mfukoni akatoa pakiti ya glukosi, na Yudith akamsaidia kuimimina mdomoni. Baada ya dakika kumi akili ikarudi, na ilipomrudia akaona darasa zima limemzunguka. Mwalimu Mwigulu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita ofisini akamuuliza kama ni mimba. Ikabidi aseme. Alikuwa na sukari, ile inayoanza utotoni, ile ambayo mwili wenyewe unaacha kutengeneza insulini na mtu hawezi kuishi bila kuichoma. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba fundi umeme hawezi kuwa mtu wa kuangukaanguka, na kwamba upande wa ushonaji bado kulikuwa na nafasi. Afikirie.

Damari alifikiria. Akafikiria kitandani, akafikiria bafuni, na hesabu yake ikaja hivi: kilichomwangusha ni sukari kushuka, na kinachoishusha ni sindano. Sukari ikikaa juu haimwangushi mtu ngazini. Alianza kwa kupunguza kipimo. Ngazi ikawa salama. Akaacha ya asubuhi. Kufika mwezi wa tano kulikuwa na siku ambazo aliacha na ya jioni. Alikuwa anakunywa maji usiku na mchana, uzito ukamtoka, sketi akaifunga kwa pini, lakini juu ya ngazi mikono ilikuwa imetulia na Mwalimu Mwigulu hakutaja tena ushonaji.

Njia hiyo alijua inakoishia. Aliwahi kuiona ikifika mwisho, nyumbani kwao Kilolo, akiwa na miaka minane.

Kaka yake Gerson alikuwa na kumi na moja. Ilikuwa masika, viazi vikiwa shambani na ukungu ukishinda hadi mchana kwenye miti ya misindano. Gerson alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka safari ndefu. Alikunywa hadi mama yao, Bertha, akaficha jagi. Akaanza kukojoa kitandani, kijana mkubwa vile, akachekwa. Alikula kuliko wote na akakonda kuliko wote. Zahanati walimpa dawa za malaria, kisha za minyoo. Alipozidiwa, baba yao, Jailos, akambeba hadi kwa mganga mmoja ng'ambo ya mto. Mganga hakutaja jina la mtu. Aliuliza tu ni nani katika ukoo huo asiye na mtoto.

Aliyekuwa hana mtoto ni Esnath, dada mkubwa wa Jailos. Alikuwa ameolewa akarudishwa, na akajengewa nyumba ndogo ya vyumba viwili pembeni ya kiwanja cha kaka yake. Ndiye aliyemlea Jailos mgongoni walipokuwa wadogo, na ndiye aliyekuwa na mapenzi na Gerson kupita kiasi. Mapenzi hayo nayo yakahesabiwa.

Gerson alifariki siku ya Alhamisi, akihema kama mtu aliyepanda mlima mbio, ilhali alikuwa amelala chali. Walipomaliza kumzika, mchungaji akiwa bado hajafunga kitabu, Jailos alisimama mbele ya watu wote akasema, "Dada yangu Esnath amemla mwanangu."   Kabla ya wiki kuisha vijana wa ukoo walikuwa wameng'oa paa la ile nyumba ndogo, na Esnath akaondoka na godoro na ndoo moja. Ikasemwa yuko Mbeya. Baadaye hata hilo halikusemwa tena.

Miaka sita ikapita, kisha kiu ileile ikamshika Damari. Safari hii Bertha hakungoja ushauri wa mumewe. Alipoona binti ameamka mara tatu kunywa maji, asubuhi alimfunga kitenge, wakateremka Iringa mjini, wakafika hospitali ya Tosamaganga. Walimtoboa kidole, na mashine haikutoa namba. Ilionyesha tu kwamba imezidi kiasi inachoweza kupima.

Jailos alifika kesho yake. Daktari, mwanamke kijana, aliwaketisha wote wawili akawaeleza taratibu. Ugonjwa huu hauletwi na kula sukari, hauambukizwi, na mtu hamtupii mwenzake. Ni mwili wenyewe. Kisha akauliza kama kuna mwingine katika familia aliyewahi kuwa na dalili kama hizi. Bertha akasema alikuwepo mmoja. Akaeleza kiu, akaeleza mkojo, akaeleza kukonda na ule mhemo wa siku ya mwisho. Daktari aliweka kalamu chini. Alisema hawezi kuapa juu ya mgonjwa ambaye hakumwona, lakini hayo waliyoyaeleza ni ugonjwa huuhuu.

Jailos akasema anaenda chooni. Alirudi jioni.

Damari alikuwa kitandani na alisikia kila kitu. Aliwaza kwamba sasa baba atasema. Atasema leo, au watakaporudi nyumbani, au siku ya kumbukumbu ya Gerson. Baba hakusema. Alikuwa baba mwema kuliko wengi, tena hodari. Alichimba mahali pa kuweka chungu chenye maji na mchanga ili insulini isipate joto, akiba ikikaribia kuisha alikuwa tayari ameshaifuata nyingine Iringa, akajifunza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano bila kuacha hewa. Ila jina la Esnath halikumtoka mdomoni. Na Damari, kila alipojichoma, alihisi anatumia kitu kilichopaswa kuwa cha Gerson, na kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu wa tatu aliyenyimwa. Mtoto hawezi kumwambia baba yake maneno kama hayo. Akakua nayo.

Basi mwezi wa tano, Jumanne asubuhi, Damari alianza kutapika katika chumba alichopanga na Yudith. Yudith alidhani ni taifodi, akaenda kumnunulia maji ya kunywa. Aliporudi alimkuta anahema kwa nguvu, mdomo ukinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na akimwita hajibu vizuri. Akaita bajaji, wakambeba na mwenye nyumba hadi hospitali. Kule wakataka ndugu. Yudith alichukua simu ya Damari akapiga namba iliyoandikwa Mama.

Bertha alikuwa shambani, Kilolo, mvua ikinyesha. Hata angekimbia hadi kituoni saa ileile, asingefika Mbeya kabla ya kesho. Lakini alikuwa na namba moja kwenye simu yake ambayo hakuna aliyejua anayo, kaiandika kwa jina la mshonaji. Alisimama palepale kwenye tuta la viazi akaipiga.

Damari alipopata fahamu vizuri ilikuwa Jumatano. Alikuwa na dripu kwenye mikono yote miwili. Pembeni ya kitanda alikaa mwanamke mrefu, amevaa koti la kiume juu ya kitenge, ananuka moshi wa kuni na vitunguu, anakunja blanketi ambalo halikuhitaji kukunjwa.

"Kamwene, Damari," mwanamke akasema kwa salamu ya kwao Kilolo.

Hakumtambua kwa sauti. Alimtambua kwa paji la uso, kwa sababu lilikuwa la baba yake.

Esnath alikuwa mpishi wa shule moja huko Uyole. Aliomba ruhusa ya siku moja, ikawa tatu. Alimlisha Damari uji, akamwogesha, akabishana na manesi kuhusu shuka. Maneno mengi hakuwa nayo. Siku ya tatu, Damari alipohamishiwa wodi ya kawaida, nesi alimweleza Esnath bila kuficha kwamba mgonjwa huyu hajachoma dawa yake ipasavyo kwa wiki nyingi, na kwamba angechelewa nusu siku wangekuwa wanaongea mengine. Esnath alishukuru. Akangoja nesi aende, akasogeza kiti, akauliza ni kwa nini.

Damari alimweleza. Alimweleza ngazi, alimweleza Mwalimu Mwigulu na ushonaji, alimweleza hata mambo ambayo hakumwambia Yudith: kwamba amechoka, kwamba hakuna siku ya mapumziko katika ugonjwa huu, hata Krismasi, na kwamba kuna asubuhi anaiangalia ile sindano anaona heri Gerson ambaye yalimwishia mapema. Alipofika hapo akanyamaza, kwa sababu alikumbuka ni nani anayeongea naye.

 Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza redio ndogo, na mtu wa redio alikuwa anataja vituo vya kugawia mbolea.

"Nikuambie ukweli, maana umeshakuwa mtu mzima," Esnath alisema. "Mama yako aliponipigia, cha kwanza nilichowaza si wewe. Niliwaza, huyu akifa Mbeya, hatua chache kutoka ninapolala, watasema ni mimi tena."

Esnath alikunja tena pembe ya blanketi.

"Nilikuja mbio. Watu wa shule wakadhani nina huruma. Ilikuwa hofu."

"Haikuwa wewe, shangazi," Damari akasema. "Daktari wa Tosamaganga alisema. Ilikuwa sukari. Na Gerson ilikuwa sukari."

"Najua. Mama yako alinitafuta akaniambia, mwaka uleule ulioanza kuugua. Baba yako hajaniambia." Alinyoosha shuka. "Sasa wewe ndiye shahidi wangu. Ugonjwa wenyewe uko mwilini mwako, wenye jina na dawa, kila mwenye macho anaona. Sina shahidi mwingine duniani. Ukijiua kwa kuogopa ngazi, Damari, mimi nitabaki na nani?"

Hayakuwa maneno ya kumfariji mgonjwa, na Damari hayakumfariji. Yalimkasirisha. Alijigeuza akaangalia ukuta. Wenzake wenye sukari, wale aliokuwa akikutana nao kliniki, waliambiwa waishi kwa ajili ya ndoto zao. Yeye anaambiwa aishi kwa ajili ya jina la mtu mwingine, kama vile mzigo wake haukuwa umetosha. Alilala na hasira hiyo na akaamka nayo. Lakini nesi alipokuja asubuhi na trei ya dawa, Damari alinyoosha mkono akaomba ajichome mwenyewe. Nesi akamwangalia akivuta yuniti zake, akigongagonga bomba hewa itoke, akibana ngozi ya tumbo. Esnath alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake hayakutoka kwenye sindano ile mpaka dawa ilipoisha.

Siku hiyohiyo ya Ijumaa, mchana, Jailos na Bertha wakafika. Walikuwa wametumia siku tatu, maana barabara ya kutoka kijijini ilikuwa imeharibika kwa mvua. Bertha alikwenda moja kwa moja kwa binti yake akamshika uso. Jailos alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, na akajikuta anatazamana na dada yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja.

Walisalimiana. Salamu yao ilikuwa ndefu kama ya watu wa Kilolo wanapokutana njiani, ya afya, ya mvua, ya mashamba, na kila mmoja alijibu kila kitu. Kisha zikaisha. Jailos akasema anashukuru kwa kumuuguza mtoto.

"Shukrani sikuitafuta," Esnath akasema. Hakupandisha sauti. "Uliweka neno juu yangu, Jailos. Uliliweka kaburini, mbele ya watu. Linatakiwa litolewe pale lilipowekwa."

Jailos akasema yale ni ya zamani, watu wamesahau, hakuna tena anayeyaongelea.

"Hawaongei kwa sababu wanaamini," dada yake akasema.

Bertha alianza kulia taratibu. Damari alikuwa dhaifu bado, na hakuwa amewahi kumjibu baba yake maishani, lakini alijisikia akianza kusema. Alisema, "Baba, daktari alisema mbele yako. Ukaenda chooni ukarudi jioni. Nilikuwa nakungoja."

Baba yake akamtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolitegemea. Aliketi ukingoni mwa kitanda, na kitanda kikalia. Kwa muda ilionekana kama atanyanyuka aondoke tena, kama alivyofanya Tosamaganga. Hakuondoka. Alianza kuongea huku akiiangalia kofia yake, kwa sauti ndogo iliyowafanya wote wasogee. Alisema kwamba siku ile hakwenda chooni, alitembea mpaka kwenye shamba la misheni akakaa chini. Alisema kila asubuhi tangu siku hiyo, Damari akijichoma, yeye huona kijichupa kile kidogo na kuwaza kwamba kingeweza kuwa cha Gerson. Barabara ileile, hospitali ileile. Yeye akashika njia ya mtoni, ya kwa mganga.

"Kama si Esnath," akasema, "basi ni mimi."

 Yule mwenye redio alikuwa ameizima.

"Si wewe," Esnath akasema. "Ugonjwa hukuujua. Hata zahanati hawakuujua. Hilo Mungu hatakudai, wala mimi." Akachukua koti lake kitini. "Lakini mimi ulinijua, Jailos. Mimi ulinijua vizuri."

Akatoka nje. Jailos alibaki amekaa pale hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na walipoambiwa watoke, Bertha alimshika mkono kama mtu anayemwongoza mzee.

Wazazi walitaka kumrudisha binti nyumbani. Damari alikataa. Alisema kozi imebaki miezi sita, na kwamba kama shangazi atamkubali atakaa kwake Uyole. Shangazi alimkubali kwa masharti mengi. Jailos aliposikia, hakupinga. Alisema tu kwamba itabidi atengeneze chungu kingine, na Esnath akamjibu kwamba Mbeya wana friji.

Maisha ya Uyole hayakuwa matamu. Esnath aliamka saa kumi na moja na akasimama kando ya kitanda cha Damari mpaka mashine isome namba. Aliziandika kwenye kalenda ya ukutani, na namba mbaya aliipigia mstari kama mwalimu. Alikata ugali kwa mkono wake, matonge ya idadi ileile kila jioni, na siku Damari alipoongeza tonge walinuniana hadi kesho yake. Siku nyingine sukari ilishuka bila sababu yoyote, ikapanda bila sababu yoyote, na Damari akalia kwamba amefanya kila alichoambiwa.  Siku kama hizo shangazi aliketi tu karibu naye akichambua maharage. Kuna mara moja Damari alimfokea kwamba yeye si shahidi wa mtu, ni mtu. Esnath aliacha kuchambua akafikiri, akasema ni kweli, kisha akamkumbusha kwamba saa ya sindano imefika.

Daktari aliandika barua ya chuo. Mwalimu Mwigulu aliisoma mara mbili, akaweka sharti lake: apime kabla ya kupanda, na asipande bila kitu tumboni. Damari akawa anapima mbele ya darasa zima. Wiki ya kwanza walimkodolea macho, ya pili wakazoea. Kliniki walimpima na macho na figo, wakamwambia kwamba figo zimeanza kuonyesha dalili ndogo, si za kutisha, lakini miezi ile mitatu haikupita bure. Habari hiyo alimwambia Esnath peke yake. Esnath aliiandika kwenye kalenda, halafu akaifuta.

Jailos alichukua muda. Juni ilipita, Julai ikapita, viazi vikavunwa. Damari alipiga simu nyumbani kila Jumapili na hakuuliza. Mwezi wa nane Bertha akapiga mwenyewe. Baba ameita ukoo, alisema, Jumamosi, baada ya kazi.

Esnath alisafiri na Damari hadi Iringa mjini, akakomea hapo. Alikuwa na rafiki yake wa zamani, Apolonia, anayekaa Mlandege, akasema atangoja kwake. Hataweka mguu Kilolo kabla ya neno kutolewa, na kama halitatolewa atarudi Mbeya bila mtu kumwona. Damari akapanda mlimani peke yake.

Walikusanyika kwenye kaburi la Gerson, pembeni ya ua, watu kama thelathini, wengi wao walewale wa siku ya mazishi, wamezeeka. Jailos alisimama. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Alisema kwamba miaka kumi na moja iliyopita alisema neno hapohapo kaburini, na neno lile lilikuwa la uongo. Gerson alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Dada yake Esnath hakumla. Alilisema jina hilo lote, Esnath binti Kikoti, na sauti ikamkatika, akarudia tena tangu mwanzo ili isije ikasemwa kwamba halikusikika.

 Kisha baba mdogo Liberatus, ambaye wanawe walikuwa miongoni mwa waliong'oa paa, akasafisha koo. Alisema kaka yake ameongea vizuri, ila yeye anavyojua hata sukari inaweza kutumwa na mtu. Wengine wakaitikia kwa vichwa. 

Damari alisimama. Alikuwa amepima sukari kabla ya kikao, na namba ilikuwa nzuri.

"Baba mdogo," akasema, "miaka mitano najichoma dawa inayotoka hospitali. Nikiichoma, ninaishi. Mwezi wa tano niliiacha, na mwili wangu ukafanya kama wa Gerson, mpaka ule mhemo. Hakuna aliyenituma niiache. Niliiacha mwenyewe. Na aliyekuja kunitoa mautini ni huyo mnayemsema."

Baadhi ya wanawake waliokuwepo siku Gerson anakufa waliuliza kuhusu ule mhemo, naye akawaeleza. Mmoja akajifunika uso kwa khanga. Liberatus akasema yeye alitoa mawazo tu. Hawakukubaliana wote, na wengine waliondoka kabla ya chakula, lakini neno lilikuwa limetolewa pale lilipowekwa.

Damari alitoka nyuma ya nyumba akapiga simu Mlandege. Shangazi alipokea kabla haijaita mara ya pili. Hakuuliza watu walikuwa wangapi wala walisemaje. Aliuliza, "Alitaja jina langu?"

"Alitaja. Mara mbili."

 Kisha Esnath akamuuliza kama ameshakula.

Alifika asubuhi kwa bodaboda, na koti lake la kiume. Wachache walitoka kumlaki, wengine walichungulia milangoni. Liberatus hakuja. Esnath alikwenda kaburini akasimama muda mfupi, akang'oa majani mawili matatu. Alipopita palipokuwa na nyumba yake, sasa pamelimwa, Jailos aliyekuwa nyuma yake akasema anaweza kupaandaa, akamjengea tena, na hata mabati anajua pa kuyapata. Esnath alipatazama vizuri. Akasema hapana, pameshakuwa shamba, apande tu viazi, ila wakati wa kuvuna amtumie gunia.

Jailos akasema atatuma. Bertha akawaita ndani, na Damari akaingia kwanza kuchukua mfuko wake wa dawa.